Metchnikoff: Kutoka shamba la ngano hadi siri ya kinga ya mwili

MFUGAJI anayekamua ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele huona mabonge kwenye michirizi ya kwanza ya maziwa. Hasara anaijua papo hapo, kwani maziwa hayo hayatapokewa kwenye kituo cha kukusanyia. Asichokiona ni kwamba ndani ya maziwa hayo mna chembe nyeupe za damu kwa mamilioni, ambazo zimetoka kwenye mishipa na kujipenyeza hadi kwenye kiwele ili kuwameza bakteria walioingia humo. Usaha unaotoka kwenye jipu au kwenye kidonda cha kwato nao, kwa sehemu kubwa, ni mizoga ya chembe hizo baada ya kazi.

Leo jambo hili hufundishwa shuleni. Lakini lilipotamkwa kwa mara ya kwanza, yapata miaka 140 iliyopita, madaktari wengi wa Ulaya waliliona ni hadithi tu. Aliyelitamka hakuwa daktari wa binadamu wala wa mifugo. Alikuwa Elie Metchnikoff, au Ilya Mechnikov kwa jina alilozaliwa nalo, mtaalamu wa wanyama wadogo wa baharini ambaye miaka michache kabla alikuwa akihangaika na wadudu waharibifu wa ngano.

Alizaliwa mwaka 1845 katika jimbo la Kharkov, wakati huo likiwa chini ya dola ya Urusi na leo ni sehemu ya Ukraine. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la mfalme, mtu wa anasa na kamari, aliyetapanya sehemu kubwa ya mali ya mkewe kabla ya familia kurudi kuishi shambani. Kijana Metchnikoff alikua kwenye nyika za ngano na kondoo, akiokota mimea na wadudu na kuwahutubia watoto wenzake kuhusu alichookota. Chuo Kikuu cha Kharkov kilikuwa na masomo ya miaka minne. Yeye aliyamaliza kwa miaka miwili, mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka 19.

Kisha akaenda Ujerumani na Italia kujifunza zaidi. Mwaka 1865, akiwa Giessen, aliona kwenye darubini jambo ambalo halikumshughulisha sana wakati ule: mnyoo mdogo bapa ambaye chakula chake hakikuyeyushwa tumboni kama ilivyo kwa ng'ombe au kuku, bali kilimezwa na seli moja moja na kuyeyushwa ndani ya seli hizo. Aliliandika kwenye kumbukumbu na kuendelea na mambo mengine.

Maisha yake ya ujana hayakuwa mepesi. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila Feodorovitch, ambaye kifua kikuu kilikuwa kimemdhoofisha kiasi kwamba siku ya harusi alipelekwa kanisani amebebwa kwenye kiti. Metchnikoff alifundisha, akatafsiri, akakesha akitafuta fedha za kumpeleka mkewe kwenye nchi zenye joto. Ludmila alifariki mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira. Mumewe, akiwa na macho yanayouma na bila fedha, alimeza mofini nyingi ili afe. Kwa bahati dozi ilikuwa kubwa mno, akaitapika yote, akapona.

Mwaka 1875 alioa tena. Mke wa pili, Olga, alitoka katika familia yenye mashamba, na hapa ndipo kilimo kinapoingia rasmi katika historia ya kinga ya mwili. Metchnikoff, ambaye sasa alikuwa profesa Odessa, ilimbidi baadaye kusimamia mashamba ya familia ya mkewe na kuwalea wadogo zake waliokuwa yatima. Akajua kwa mkono wake maana ya mavuno mabaya, bei iliyoporomoka na ugomvi kati ya mwenye shamba na wapangaji.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 nyika za kusini mwa Urusi zilishambuliwa na mbawakawa anayekula punje za ngano zikiwa bado laini kwenye masuke, huku viwavi wake wakiguguna mizizi chini ya ardhi. Odessa ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha ngano. Kila gunia lililopotea shambani lilikuwa pengo kwenye ghala la mfanyabiashara. Dawa za kunyunyiza za kisasa hazikuwapo, na njia iliyotumika ilikuwa kuwakusanya wadudu kwa mikono.

Metchnikoff alianza kuchimba viwavi na kutazama wanaokufa wenyewe. Mwaka 1879 alitoa taarifa ya kuvu wa rangi ya kijani aliyewaua viwavi hao. Mbegu ya kuvu hunata kwenye ngozi ya mdudu, ikachipua, ikatoboa ngozi na kuota ndani hadi mdudu anakufa na kufunikwa na vumbi la kijani, ambalo ni mbegu nyingine tayari kumsubiri mdudu mwingine. Alipendekeza kuvu huyo azalishwe kwa wingi kwenye mabaki ya nafaka kutoka viwanda vya bia, kisha amwagwe mashambani. Mwaka 1884 mtaalamu mwingine, Krassilstschik, alianzisha uzalishaji wa namna hiyo mjini Smela, karibu na Kiev, dhidi ya fukusi wa viazisukari.

Kuvu huyo baadaye alipewa jina la Metarhizium, na jina hilo si geni Afrika Mashariki. Mwaka 2009, nzige wekundu walipozaliana kwenye mabonde ya magharibi mwa Tanzania, yakiwamo Iku-Katavi na Malagarasi, dawa iliyonyunyizwa kwa ndege ilitengenezwa kwa kuvu wa jamii hiyo hiyo. Mwaka 2020 ilitumika tena dhidi ya nzige wa jangwani huko Somalia. Huua polepole, kwa wiki moja hadi tatu, jambo ambalo mkulima anayetazama mtama wake ukiliwa halipendi, lakini haidhuru nyuki, ndege wala mifugo.

Swali lililobaki kichwani mwa mtafiti lilikuwa kwa nini wadudu wengine huvamiwa na kuvu hivyo na wengine huponyoka. Kitu gani ndani ya mwili mdogo kama ule hupigana?

Mwaka 1881 mfalme wa Urusi aliuawa, na vyuo vikuu vikageuka uwanja wa siasa. Olga alikuwa amenusurika homa ya matumbo mwaka uliotangulia. Metchnikoff, kwa kukata tamaa kwingine, alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya vipindi, ndugu wa ile homa ya papasi inayojulikana kwetu. Aliugua vibaya, hakufa, na tangu hapo akawa mtu mwenye hamu ya kuishi. Mwaka 1882 aliacha kazi ya chuo na kuhamia Messina, kisiwani Sicily, pamoja na Olga na shemeji zake wadogo.

Jambo hili la mwisho lafaa kutazamwa kwa jicho la uchumi. Mtu asiye na mshahara hawezi kukaa pwani ya Italia na darubini yake miezi mingi. Aliyelipa kodi ya nyumba ni mapato ya mashamba. Kwa maneno mengine, ugunduzi uliofuata uligharimiwa na ngano.

Siku moja ya Desemba 1882 familia yote ilikwenda kutazama sarakasi ya nyani. Metchnikoff alibaki nyumbani akichungulia kwenye darubini lava wa kiti cha pweza, kiumbe wa baharini anayeonekana ndani nje kama kioo. Ndani ya lava huyo zilitembea seli ambazo hazikushikamana na kiungo chochote. Wazo likamjia ghafla kwamba seli hizo huenda ni walinzi. Kama ni walinzi, basi zikichomwa kitu kigeni zitakikimbilia. Alishuka bustanini, kwenye mti wa chenza ambao watoto waliupamba kwa ajili ya Krismasi, kando yake palikuwa na waridi. Akachuma miiba michache na kuichomeka chini ya ngozi ya lava kadhaa. Usiku huo hakulala.

Alfajiri aliitazama. Kila mwiba ulikuwa umezingirwa na seli zilizojirundika, nyingine zikijaribu kuumeza. Lava huyo hana mishipa ya damu ya kueleza uvimbe. Kilichobaki pale kilikuwa seli zinazokwenda kula. Metchnikoff alihitimisha kwamba uvimbe na usaha kwa binadamu aliyechomwa mwiba ni jambo lile lile, isipokuwa kwa binadamu seli husafirishwa na damu.

Wakati ule vitabu vya udaktari vilisema kinyume chake. Chembe nyeupe zilizoonekana zikiwa na bakteria ndani zilidhaniwa kuwa ni magari yanayosambaza ugonjwa mwilini. Rudolf Virchow, mtaalamu mashuhuri wa magonjwa kutoka Ujerumani, alipita Messina, akaona, akavutiwa, lakini akamwonya kwamba anachosema kinapinga mafundisho ya wote. Akirudi nyumbani Metchnikoff alipitia Vienna kwa wenzake wa elimu ya wanyama, na huko seli hizo zikapewa jina la Kigiriki, fagosaiti, yaani seli zinazokula.

Mwiba hauwi ushahidi wa ugonjwa, kwa hiyo alihitaji ugonjwa halisi. Aliupata kwa kiroboto wa maji, kidudu kinachoishi kwenye madimbwi na ambacho nacho huonekana ndani nje. Kiroboto huyu humeza mbegu za aina ya hamira zilizo nyembamba na kali kama sindano. Sindano hutoboa utumbo na kuingia mwilini, na papo hapo seli nyeupe huikimbilia. Zikifanikiwa kuimeza na kuisaga, kiroboto anapona. Zikizidiwa, hamira huchipua na kujaa mwili mzima, na kiroboto anakufa. Mwaka 1884 alichapisha matokeo hayo, na mwaka huo huo akaongeza kimeta. Katika mnyama asiyechanjwa, bakteria wa kimeta wengi hawakuguswa na seli. Katika aliyechanjwa, walimezwa. Kwa mfugaji anayeuliza chanjo humfanyia nini mnyama wake, hilo ni sehemu kubwa ya jibu: huuandaa mwili ili walaji wamtambue adui kabla hajaja kwa nguvu.

Namna ya kula kwenyewe ni hivi. Seli husogea hadi kwenye kitu kigeni, hutoa mikono laini ya utelezi, hukikumbatia pande zote na kukifunga ndani ya kifuko. Metchnikoff alizilisha seli chembechembe za litmasi ya bluu akaona zikigeuka nyekundu, dalili kwamba ndani ya kifuko mna tindikali. Watafiti wa karne ya 20 waliongeza kwamba vifuko vingine vidogo vilivyojaa vimeng'enya huungana na kile cha kwanza, na mzigo husagwa. Vipande vinavyobaki havitupwi vyote. Baadhi hupelekwa kwenye ukuta wa nje wa seli na kuonyeshwa kwa seli nyingine za kinga, kama mlinzi anayeonyesha kipande cha nguo ya mwizi ili wengine wamtambue. Seli zenye ustadi mkubwa wa kuonyesha zilielezwa mwaka 1973 na Ralph Steinman na Zanvil Cohn, na Steinman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Walaji hawa hawali maadui pekee. Metchnikoff alimtazama kiluwiluwi anapogeuka chura akaona misuli ya mkia ikimezwa na seli hizo hizo hadi mkia unatoweka. Kwa binadamu, chembe nyekundu ya damu huishi yapata siku 120, kisha humezwa na walaji wa kwenye wengu na ini, na madini yake ya chuma hurudishwa kutengenezea nyingine. Bila usafi huo wa kila siku mwili ungejaa mizoga yake wenyewe.

Vilevile wapo wadudu wajanja. Bakteria wa kifua kikuu, kikiwamo cha ng'ombe, na wa bruselosi, ugonjwa wa kutupa mimba, hukubali kumezwa kisha huzuia usagaji na kuishi humo humo ndani ya mlaji. Ndiyo maana magonjwa hayo hukaa miaka ndani ya mnyama anayeonekana mzima, na ndiyo maana maziwa yasiyochemshwa ni hatari hata kama ng'ombe ni mnene na anang'aa.

Ushindi wa maabara haukumlinda Metchnikoff na biashara ya chanjo. Baada ya Louis Pasteur kuonyesha chanjo ya kimeta kwa kondoo mwaka 1881 na ya kichaa cha mbwa mwaka 1885, mji wa Odessa ulifungua kituo cha bakteria mwaka 1886 na kumweka yeye kuwa mkuu. Kwa kuwa hakuwa daktari, kazi ya kutayarisha chanjo aliwaachia wasaidizi. Madaktari wa mji walimwandama, na wenye mashamba walitaka chanjo haraka. Mwaka 1888 kundi la kondoo la mwenye shamba mmoja lilichanjwa kimeta kwa chanjo ya kituo, na kondoo kwa maelfu wakafa kwa chanjo yenyewe.

Hasara ya namna hiyo haikai kwenye vitabu vya hesabu tu. Mfugaji akishaona chanjo inaua, jirani zake watano hawachanji, na miaka kumi baadaye bado wanasimulia. Chanjo hai ni kijidudu kilichodhoofishwa, na kikidhoofishwa kidogo mno huwazidi walaji nguvu. Kikidhoofishwa mno, au kikiharibiwa na joto njiani, mwili haujifunzi kitu. Wanaouza chanjo kutoka kwenye vikasha visivyo na barafu wanauza maji.

Metchnikoff aliondoka. Robert Koch wa Berlin alikuwa amempokea kwa ubaridi, lakini Pasteur alimpa maabara katika taasisi yake mpya jijini Paris, na kuanzia 1888 alifanya kazi hapo hadi kufa.

Miaka 20 iliyofuata ilikuwa ya mabishano. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyepata kinga, yakiwa hayana seli hata moja, yanaweza kumkinga mnyama mwingine dhidi ya pepopunda na dondakoo. Wajerumani wengi walisema basi kinga imo kwenye maji ya damu, na walaji ni wafagiaji wa baadaye tu. Mabishano haya yalikuwa na upande wa soko usiotajwa sana. Seramu iliweza kuzalishwa kwa farasi, kutiwa chupani, kupewa bei na kuuzwa. Seli hai inayotambaa haikuweza kutiwa chupani. Si ajabu viwanda na fedha vilielekea upande wa chupa.

Metchnikoff alijibu kila hoja kwa jaribio, mara nyingi kwa hasira, nywele zikiwa timtim na mifuko ya koti imejaa karatasi. Mwaka 1901 alitoa kitabu kikubwa kuhusu kinga katika magonjwa ya kuambukiza. Mwaka 1903 Almroth Wright na Stewart Douglas, wakiwa London, walionyesha kwamba vitu vilivyomo kwenye maji ya damu hujipaka juu ya bakteria na kumfanya amezeke kwa urahisi zaidi. Pande zote mbili zilikuwa zimeshika ncha za kamba moja. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ya tiba iligawanywa kati ya Metchnikoff na Paul Ehrlich, mtetezi mkubwa wa upande wa maji ya damu.

Hakuwa sahihi katika kila jambo. Aliamini kwamba uzee huletwa na sumu za bakteria wa utumbo mpana, na kwamba walaji wale wale hugeuka na kula seli za neva na rangi ya nywele. Akashauri watu wanywe maziwa yaliyogandishwa kwa bakteria kutoka Bulgaria, na yeye mwenyewe akanywa kila siku. Maziwa ya mgando, ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiyatayarisha kwenye vibuyu kwa vizazi vingi, yakawa bidhaa ya mjini Ulaya. Kampuni ya Danone ilianza Barcelona mwaka 1919 kwa kuuza yogati iliyotokana na wazo hilo. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba bakteria yule hakai kwenye utumbo wa binadamu. Biashara haikusimama kwa sababu hiyo.

Vita ya mwaka 1914 iliwaondoa vijana wa taasisi na kuwapeleka mstari wa mbele, na maabara zikabaki kimya. Moyo wa mzee ulikuwa umechoka. Alifariki Paris Julai 1916 akiwa na miaka 71. Kabla ya hapo alimwomba rafiki yake, daktari atakayempasua, auchunguze kwa makini utumbo wake. Mwili ulichomwa kama alivyotaka, na majivu yakawekwa kwenye chombo katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur, ambako yapo hadi leo.